Shilingi ya Mnyonge Nayo Ijenge Nchi

KILA mwaka, mvua zinapokatika na mahindi kukauka mashambani, mkoa wetu wa Ruvuma hupata miezi michache ya neema. Kuanzia Juni hata Septemba malori huingia na kutoka Songea mchana na usiku. Mahindi hupelekwa kwa wafanyabiashara na kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Ufuta, soya na mbaazi huuzwa kwa mnada kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Na kahawa ya Mbinga hushuka milimani kwenda sokoni. Kwa muda huo fedha huonekana machoni. Lakini mvua za Novemba zinapokaribia, fedha zile zimekwisha kutoweka, na mkulima yule yule aliyeuza magunia thelathini huonekana akizunguka kutafuta mkopo wa mbolea.

Fedha zile zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda kwa haki: ada na sare za watoto, mabati, matibabu na madeni ya mwaka uliopita. Lakini hapana shaka kwamba sehemu nyingine ililala chini ya godoro huku thamani yake ikipungua, na sehemu nyingine iliangukia mikononi mwa wajanja walioahidi kuizidisha maradufu kwa muda wa majuma machache.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo ni hilo. Je, mtu asiye tajiri anaweza kuiweka akiba yake mahali ambapo itamzalia yeye na wakati huo huo itawafaa jirani zake? Kwa miaka mingi neno mwekezaji limetumika nchini kama jina la mgeni mwenye mamilioni, anayepokewa na viongozi na kuonyeshwa ardhi. Sisi tunasema kwamba mkulima wa Peramiho mwenye Sh. 200,000 za ziada naye ni mwekezaji. Mama anayelima mwani ufukoni Unguja ni mwekezaji, na vivyo hivyo mchuma karafuu wa Pemba na mvuvi wa Mafia. Mazao yetu yanatofautiana, lakini shida yetu ni moja: fedha huja kwa msimu, na huondoka kwa msimu. Ndiyo maana maneno haya, ingawa yanaandikwa Songea, yanawahusu pia ndugu zetu wa visiwani, na zaidi yanawahusu watumishi wa Serikali wa pande zote mbili.

SOMO LA LITOWA

Ruvuma si mgeni katika jambo hili. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku wa nchi hii waliunda chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo ili wauze mazao yao kwa sauti moja. Baada ya Uhuru, vijana wa Litowa walianza kuishi na kulima pamoja, na kutokana na mfano wao kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoongozwa na Ndugu Ntimbanjayo Millinga. Vijiji zaidi ya kumi viliingia. Watu hao hawakuwa matajiri. Mtaji wao mkubwa ulikuwa jasho lao na msaada wa marafiki waliowaamini. Hata hivyo chama chao kilimiliki kinu cha kusaga nafaka hapa mjini Songea na mtambo wa kupasua mbao, na shule ya Litowa ikajulikana mbali kwa kuwafundisha watoto maisha ya kijiji chao.

Tarehe 24 Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa Kamati Kuu ya TANU, na mali yake ikachukuliwa. Miaka saba baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na ilipofika mwaka 1982 ikatungwa sheria mpya ya kuvirudisha. Hatuyataji haya ili kufukua makaburi. Tunayataja kwa sababu wazee wetu wangali wanayakumbuka, na kiongozi anayewaambia wananchi leo, "Wekeni fedha zenu pamoja," hana budi kujua kwamba msikilizaji wake anajiuliza kimoyomoyo: "Na kesho ataichukua nani?" Swali hilo si la ujinga. Ni swali la mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka.

SOMO LA MBINGA

Somo la pili ni la karibu zaidi. Benki za wananchi huanzishwa kwa nia njema kabisa: wakazi, vyama vya ushirika na halmashauri hununua hisa ili fedha za wilaya zikopeshwe ndani ya wilaya. Mbinga ilikuwa na benki ya namna hiyo. Mwezi Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni kwa upungufu wa mtaji. Januari 2018 benki nyingine tano zilifutiwa leseni kwa sababu hiyo hiyo, na mojawapo ilikuwa ya jirani zetu wa Njombe.

Wenye akiba katika benki hizo walikuwa na kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati ule kikomo chake kilikuwa Sh. 1,500,000 kwa mtu mmoja. Aliyekuwa na zaidi ya hapo ilimbidi asubiri mali ya benki iuzwe na madeni yakusanywe. Lakini mwenye hisa hana bima hiyo. Yeye husimama mwisho wa foleni, baada ya wenye akiba na wadai wote, na aghalabu foleni hiyo humfikia chungu kikiwa kitupu.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Nia njema si dhamana. Chombo kinaweza kuwa chetu, kikaitwa kwa jina la wilaya yetu, kikakopesha wakulima wetu, na bado kikafa ikiwa mikopo hairudi na hesabu hazisemi kweli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwananchi anayetaka fedha yake ilete manufaa kwa jamii anapaswa kuuliza maswali magumu kuliko anayetafuta faida tu, kwa kuwa chombo hicho kikianguka atapoteza fedha yake, na jirani zake watapoteza huduma.

NGAZI TATU

Mtu wa kawaida ana njia zipi leo? Sisi tunaziona kama ngazi tatu, na ni vema kuzipanda kwa mpango.

Ngazi ya kwanza ni kikundi cha kuweka na kukopa, na juu yake kidogo chama cha akiba na mikopo, SACCOS. Katika jambo hili watu wa bara tunao wajibu wa kuwashukuru watu wa visiwani, kwa kuwa vikundi vya kununua hisa kila wiki na kugawana mwisho wa mwaka vilipata sifa mapema huko Unguja, katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, vilikoanzishwa na shirika la CARE mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uzuri wake ni kwamba fedha haitoki kijijini: mwanachama huiona ikimnunulia jirani cherehani au mbegu, naye hujua mkopaji analala wapi. Kasoro yake ni udogo. Wote wanahitaji fedha wakati mmoja, na ukame ukija huwapiga wote kwa pamoja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe, na SACCOS zimetakiwa kuwa na leseni. Kwa hiyo swali la kwanza la mwananchi liwe jepesi: "Leseni iko wapi, na hesabu zilikaguliwa lini?"

Ngazi ya pili ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mwaka 2005 Serikali ilianzisha Mfuko wa Umoja, na leo kampuni ya umma ya UTT AMIS inaendesha mifuko sita, ukiwemo wa Ukwasi na ule wa Hatifungani. Maelfu kwa maelfu ya watu huchangia vipande, na wataalamu huzipeleka fedha hizo kwenye hatifungani za Serikali, amana za benki na hisa za makampuni. Kianzio ni kidogo, na mtu huweza kununua vipande kwa simu ya mkononi. Huu ni mlango mzuri kwa mwalimu na mkulima. Lakini tuseme kweli: hapo mwananchi hachagui kazi ya kufanywa na fedha yake. Anaikopesha nchi kwa jumla, hawezi kusema, "Yangu ijenge zahanati ya kijiji changu." Thamani ya vipande pia inaweza kupanda na kushuka.

Ngazi ya tatu ni hatifungani zenye kazi maalumu, na hapa ndipo penye jambo jipya la miaka hii. Mwaka 2022 benki ya NMB iliuza hatifungani ya Jasiri kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake. Ilitafuta shilingi bilioni 25 na ikapata zaidi ya bilioni 74. Mwaka 2023 CRDB iliuza hatifungani ya Kijani kwa miradi ya kutunza mazingira. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya miaka kumi yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua huduma ya maji. Mwishoni mwa mwaka huo huo CRDB ilifungua mauzo ya hatifungani ya miundombinu iliyopewa jina la Samia, kwa riba ya asilimia 12, ili makandarasi wa barabara zinazosimamiwa na TARURA wapate fedha kwa wakati. Na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliuza Sukuk yake, ambayo haina riba bali hutoa faida kwa misingi ya Kiislamu, na hivyo kuwafungulia mlango waumini wengi waliokuwa wakikaa mbali na hatifungani kwa sababu ya dini yao.

Tufanye hesabu kidogo. Katika hatifungani ile ya asilimia 12, mtu aliyeweka Sh. 500,000 hupata Sh. 60,000 kwa mwaka kabla ya makato yoyote, na mtaji wake humrudia muda ukiisha. Si utajiri, lakini ni mfuko wa mbolea. Na wakati huo huo fedha ile imemlipa mkandarasi wa barabara ambayo pengine inapitisha mahindi yake mwenyewe.

KIZINGITI NI KIREFU

Lakini ngoja. Kianzio cha hatifungani ile kilikuwa ni hizo hizo Sh. 500,000. Ukitaka kushiriki mnada wa hatifungani za Serikali pale Benki Kuu, kianzio ni Sh. 1,000,000. Tukisema gunia la mahindi ni Sh. 70,000, basi mkulima anatakiwa atoe zaidi ya magunia saba kwa mlango wa kwanza, na zaidi ya kumi na manne kwa mlango wa pili. Na magunia hayo yawe ya ziada kabisa, baada ya chakula, ada na pembejeo. Ni wakulima wangapi wa Namtumbo au Tunduru wanaoweza? Kisha maelezo ya mauzo huandikwa katika vitabu vinene vya lugha ya kigeni, visivyofika hata kwenye ofisi ya kata. Matokeo yake, hatifungani ya barabara za vijijini hununuliwa zaidi na watu wasiozipita barabara hizo.

Wako watakaotupinga. Watasema: mtu maskini ana haja gani na hatifungani? Ajaze kwanza kihenge chake. Tunakubaliana nao kwa nusu ya kwanza. Mtu asiye na chakula cha kumfikisha Aprili asinunue hatifungani yoyote, hata kama ina jina zuri. Wala asifunge kwa miaka mitano fedha anayoihitaji Novemba, kwa kuwa hatifungani inaweza kuuzwa kabla ya wakati wake, lakini mnunuzi hapatikani kila siku, na bei anayotoa inaweza kuwa ndogo. Lakini maskini si watu wa namna moja. Yuko mwenye ng'ombe mmoja wa ziada, yuko mwenye robo eka ya kahawa, yuko mstaafu mwenye kiinua mgongo. Tukiwafungia wote mlango kwa kisingizio cha kuwahurumia, tunawaachia mlango mmoja tu, nao ni wa matapeli. Tusisahau mwaka 2009, Serikali ilipoizuia DECI, upatu ambao watu waliuita kupanda mbegu. Waliopoteza fedha zao mle hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wa kawaida waliotaka shilingi yao ifanye kazi, na aliyewafungulia mlango kwa lugha wanayoielewa alikuwa tapeli.

Wengine watauliza: je, si kazi ya Serikali kuleta maji na barabara kwa kodi tunazolipa? Kwa nini tukopeshe tena? Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba hatifungani si mchango wala si kodi. Ni mkopo, na mkopeshaji ana haki ya kulipwa na kupewa hesabu. Kiongozi yeyote atakayeigeuza kuwa mchango wa lazima, kwa kuwakata wakulima bei ya mazao yao ghalani bila ridhaa yao, atakuwa amelirudia kosa la zamani kwa jina jipya.

YANAYOPASWA KUTENDWA

Kwa watumishi wa Serikali tuna mambo manne ya kupendekeza.

Kwanza, kizingiti kishushwe. Kama kuwahudumia watu wengi wadogo kunaongeza gharama, basi SACCOS na vyama vya msingi vya mazao viruhusiwe na visaidiwe kununua kwa niaba ya wanachama, kila mmoja akiandikwa kiasi chake, hata kama ni Sh. 20,000. Vyama vilivyo chini ya SONAMCU hapa Songea na Namtumbo, na TAMCU kule Tunduru, vinawalipa wakulima mazao yanapouzwa. Hapo ndipo mahali pa kumwuliza mkulima, kwa hiari yake, kama angependa sehemu ya malipo yake iwekezwe. Vivyo hivyo inaweza kufanyika kwenye vituo vya karafuu Pemba.

Pili, mfano wa Tanga uigwe kwa uangalifu. Mji wa Songea unakua, na mahitaji yake ya maji, masoko na maghala yanakua pamoja nao. Lakini isiuzwe hatifungani kwa ajili ya kitu kisichozaa mapato ya kuilipa. Mita za maji huleta fedha kila mwezi, na ghala linalokodishwa huleta kodi. Jengo la fahari haliwezi kumlipa mkopeshaji, hata likipendeza namna gani.

Tatu, kila mwenye kuuza hatifungani kwa jina la manufaa ya jamii alazimike kutoa taarifa mbili kila mwaka, kwa Kiswahili na kwa ufupi: moja ya fedha, na moja ya kazi. Ni kaya ngapi zimefikiwa na maji? Ni kilomita ngapi zimetengenezwa, na wapi? Ni wanawake wangapi wamekopeshwa, na wangapi wamerudisha? Taarifa hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na shehia, na zisomwe katika mikutano. Neno manufaa lisilopimwa ni pambo la matangazo tu.

Nne, ukaguzi uwe na meno. Tume ya Maendeleo ya Ushirika na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, wana kazi hiyo kwa upande wa bara. Taarifa zao zisiishie kwenye makabati. Hesabu chafu za chama zikigunduliwa, wanachama wawe wa kwanza kuambiwa, na aliyekula fedha zao afikishwe mahakamani kabla hajajenga nyumba ya pili.

Kwa wananchi wenzetu, wa bara na wa visiwani, tunayo maneno machache. Anza na kihenge, kisha kikundi, kisha vipande, kisha hatifungani. Usiweke akiba yako yote katika chungu kimoja, hata kama chungu hicho ni cha ndugu yako. Kabla ya kutoa shilingi uliza mambo matano: nani anayekusimamia, fedha itafanya kazi gani, italipwa kutokana na nini, nitaweza kuitoa lini, na mambo yakiharibika mimi nasimama wapi kwenye foleni. Anayekasirika kwa kuulizwa maswali hayo, mwache na fedha yako ibaki mfukoni. Na mkutano mkuu wa chama ukiitishwa, uhudhurie, kwa sababu asiyekuwapo na lake halipo.

Watu wa Litowa walionyesha kwamba wanyonge wakikusanya nguvu zao wanaweza kumiliki kinu na shule. Wenye hisa wa Mbinga walionyesha kwamba kumiliki bila kusimamia hakutoshi. Masomo yote mawili yametoka katika mkoa huu, na yalilipiwa kwa fedha na jasho la watu wa kawaida. Mahindi ya mwaka huu yatauzwa, na malori yataondoka kama kawaida. Tunaloliomba ni kwamba mvua za Novemba zitakapoanza, awepo mkulima mmoja katika kila kijiji ambaye hatafuti mkopo wa mbolea, kwa kuwa shilingi yake aliyoiweka mwaka uliopita imemletea mbolea hiyo, baada ya kwisha kumpelekea jirani yake maji.